PostgreSQL 9.6 kwenda 15: seva imegoma, tuanzie wapi?

Hapa Lubumbashi ukiuliza hali ya seva utajibiwa "inatembea", na ikishatembea hakuna wa kuigusa. Ndiyo maana hadi leo nakutana na PostgreSQL 9.6, programu ya hifadhidata, juu ya Linux ya Debian 9, imejificha chini ya meza za maduka ya dawa, shule na maghala, ingawa toleo hilo liliacha kupata marekebisho Novemba 2021. Siku diski inapoanza kupiga kelele ndipo tunaitwa kupandisha toleo, usiku, kabla duka halijafunguliwa asubuhi.

Maelezo haya ni ya mtu ambaye tayari ameshaanza na amekwama. Nachukulia unatoka 9.6 kwenda 15, lile linalokuja na Debian 12, kwa sababu ndiyo safari ninayoifanya mara nyingi. Huhitaji kupitia 10, 11, 12 na wenzake, kutoka 9.6 unaruka moja kwa moja. Kitu kimoja nimekizoea: karibu kila hitilafu inayolaumiwa toleo jipya ilikuwepo tayari kwenye seva ya zamani. Ya zamani ilikuwa inaivumilia, basi.

Kabla hujagusa chochote, fungua logi, faili ambamo seva huandika matukio yake:

tail -n 50 /var/log/postgresql/postgresql-15-main.log

Soma ujumbe wa kwanza wenye FATAL au ERROR. Wa mwisho mara nyingi ni mwangwi tu wa ule wa kwanza. Kama seva yako iliwekwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi hapa mjini, weka lc_messages = 'C' kwenye postgresql.conf ili ujumbe utoke kwa maneno utakayoyakuta ukitafuta msaada. Nami nitaunukuu hivyo hivyo. Na folda ya /var/lib/postgresql/9.6/main usiiguse hata kidogo, hata kama nafasi ya diski imebana.

Seva mpya haiwaki kabisa

Logi inasema hivi:

FATAL: database files are incompatible with server
DETAIL: The data directory was initialized by PostgreSQL version 9.6...

Hakuna kilichoharibika. Kuna mtu ameielekeza seva ya 15 kwenye folda ya data ya 9.6, nayo ikakataa kabla ya kuandika chochote. Rudisha data_directory kwenye folda ya 15, kisha uhamishe data kwa njia yake: pg_upgrade, inayohamisha mafaili kama yalivyo, au pg_dump, inayotoa nakala ya kurudishwa kwenye seva mpya. Nimewahi kumkuta kijana amefungua faili la PG_VERSION, akafuta 9.6 na kuandika 15, akidhani amemaliza kazi. Bahati yake seva ina kufuli la pili ndani ya pg_control, ikagoma tena. Kama nawe umefanya hivyo, rudisha 9.6 na usimwambie mtu.

Sababu nyingine ni postgresql.conf ya zamani iliyonakiliwa nzima nzima. Utaona:

unrecognized configuration parameter "stats_temp_directory"

Huu utaukuta karibu kila mara, maana Debian yenyewe iliandika mstari huo kwenye faili la 9.6, na toleo la 15 limeuondoa. Ufute. Aliyeweka wal_keep_segments abadilishe iwe wal_keep_size, tangu toleo la 13. Kipande (segment) kimoja kilikuwa MB 16, kwa hiyo 64 inakuwa 1024MB. Na kama kuna faili la recovery.conf ndani ya folda ya data, seva haitawaka mpaka litoke, kwa sababu toleo la 12 lilihamishia mipangilio yake ndani ya postgresql.conf. Kwa ujumla usinakili faili hilo. Fungua la zamani pembeni, hamisha kwa mkono yale matano au sita uliyoyabadilisha mwenyewe.

Seva inawaka, programu inasema hifadhidata haipo

Hapa watu hushika kichwa wakidhani data imepotea. Andika pg_lsclusters:

Ver Cluster Port Status Owner    Data directory
9.6 main    5432 online postgres /var/lib/postgresql/9.6/main
15  main    5433 online postgres /var/lib/postgresql/15/main

Seva ziko mbili, zote zinatembea. Debian ilipoweka 15 iliikuta poti 5432, mlango wa kuingilia seva, imeshikwa, ikaipa mpya 5433. Angalia ni ipi unayoongea nayo kabla ya kulia. Kuna kisa kibaya zaidi, cha kinyume: umeshahamisha data, lakini programu ya dukani bado inaandika kwenye 9.6, na mauzo ya siku nzima yanaingia kwenye seva unayopanga kuifuta. Ukimaliza kuhamisha, izime ya zamani papo hapo.

Ukitumia pg_upgradecluster 9.6 main, amri ya Debian ya kupandisha toleo, yenyewe itabadilishana poti hizo. Ila kwanza itakwambia target cluster 15/main already exists, kwa sababu Debian ilishakutengenezea 15 tupu. Iondoe ile tupu:

pg_dropcluster --stop 15 main

Soma namba hiyo kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter. Ukiandika 9.6 hapo, itafuta 9.6, haitakuuliza mara mbili.

pg_upgrade inakataa kuanza

Endesha kwanza na --check. Haigusi kitu, inakagua tu. Majibu yanayonirudia hapa ni haya.

The source cluster was not shut down cleanly. Kwetu huu ni ujumbe wa umeme. Ulikatika, betri ya kuhifadhi umeme ikachoka, 9.6 ikaanguka bila kujifunga vizuri, na ulipowasha mashini ukaenda moja kwa moja kwenye pg_upgrade. Dawa ni kuiwasha 9.6, kuiacha irudie yale iliyokuwa haijamaliza kuandika, uone kwenye logi kwamba iko tayari kupokea wateja, kisha kuizima kwa utaratibu: pg_ctlcluster 9.6 main stop. Baada ya hapo pg_upgrade itakubali. Umeme ukikatika katikati ya pg_upgrade yenyewe, na ulikuwa unanakili bila --link, futa 15, itengeneze upya, anza tena. Ya zamani haijaguswa. Kwa --link mambo ni mengine. Mafaili ni yale yale kwa seva zote mbili, na ukishaiwasha 15 hakuna kurudi 9.6. Mimi --link siitumii mjini hapa bila jenereta kuwaka na nakala kamili kwenye diski ya nje. Inaokoa muda, lakini usingizi wangu nao una bei.

lc_collate values for database "postgres" do not match. Lugha na mpangilio wa herufi havilingani: ya zamani iliundwa kwa fr_FR.UTF-8, mpya imeundwa kwa en_US.UTF-8. Iondoe mpya, uiunde tena: pg_createcluster --locale fr_FR.UTF-8 15 main. Kama fr_FR haipo kwenye mashini mpya, iongeze kwanza kwa dpkg-reconfigure locales.

Ikisimama kwenye majedwali ya WITH OIDS (yenye namba ya ndani iliyofichwa kwa kila mstari), fungua faili la orodha ambalo pg_upgrade inalitaja, na kwa kila jedwali andika ALTER TABLE ... SET WITHOUT OIDS kwenye seva ya zamani. Toleo la 12 liliondoa kitu hicho kabisa. Ikisimama kwenye maktaba zinazokosekana, kuna kiendelezi, mara nyingi PostGIS, ambacho hujakiweka kwa toleo la 15.

Majina yenye aksenti yanagoma kuingia

Hapa tukae kidogo, kwa sababu katika nchi inayoandika majina kwa Kifaransa hakuna anayelikwepa.

Umechukua nakala kwa pg_dump. Umetumia ile ya 15, natumaini, kwa njia yake kamili, /usr/lib/postgresql/15/bin/pg_dump, maana ya zamani haijui kuandalia seva mpya. Unairudisha kwenye 15 na inasimama hapa:

ERROR: invalid byte sequence for encoding "UTF8": 0xe9 0x72 0xe8

Usiogope hizo namba, zisome. 0x72 ni herufi r. 0xe9 ni é na 0xe8 ni è katika usimbaji wa kale wa Windows. é, r, è: huyo ni Thérèse. Hifadhidata ya zamani iliundwa kwa SQL_ASCII, yaani seva iliambiwa ipokee baiti zozote bila kuuliza. Programu ya kaunta iliyokuwa kwenye Windows ikaleta é kwa baiti moja, na 9.6 ikaiweka kabatini miaka yote ile. Toleo la 15, ndani ya hifadhidata ya UTF8, usimbaji wa sasa unaoandika é kwa baiti mbili, linaangalia kila baiti na kukuta neno lisilosomeka.

Kama data yote ilitoka Windows, kazi ni nyepesi. Mwanzoni mwa faili la nakala kuna mstari huu:

SET client_encoding = 'SQL_ASCII';

Ubadilishe uwe 'WIN1252', yaani usimbaji huo wa Windows, na urudishe tena. Seva itatafsiri yenyewe wakati wa kupokea.

Tatizo ni kwamba data yote haitoki sehemu moja. Kwenye ghala moja la dawa nililolihudumia, wateja wa zamani waliandikwa kwa programu ya Windows, na wapya wakaandikwa kupitia ukurasa wa kivinjari uliokuwa unatuma UTF-8. Nilibadilisha mstari ule, nakala ikaingia bila kosa hata moja, nikaenda kulala. Asubuhi simu kutoka ghalani: "Papa, bantu ni bengi hapa, na jina ya Mama Thérèse imetoka kama matusi." Nikafungua picha aliyonitumia. Karatasi imeandika ThÃ©rÃ¨se. Baiti mbili halali za UTF-8 zilikuwa zimetafsiriwa kana kwamba ni herufi mbili za Windows. Wa zamani walipona, wapya wakaharibika.

Siku hizi nafanya hivi. Kwanza nahesabu wagonjwa, kwenye terminali iliyo katika UTF-8:

grep -naxv '.*' nakala.sql

Amri hiyo inatoa kila mstari usiosomeka kama UTF-8, pamoja na namba yake. Ikitoa mistari michache kati ya mingi, data imechanganyika. Ikitoa karibu kila mstari wenye aksenti, yote ni ya Windows na unaweza kutumia njia nyepesi. Kwa iliyochanganyika, skripti fupi ya Python inatosha: kila mstari ijaribu kuusoma kama UTF-8, ikishindwa iusome kama cp1252 (jina lingine la WIN1252), iuandike kwa UTF-8 kwenye faili jipya. Kisha mstari wa client_encoding uwe 'UTF8'. Utabaki na mistari miwili mitatu yenye mchanganyiko ndani ya mstari mmoja. Hiyo nairekebisha kwa mkono, na chai pembeni.

Nenosiri sahihi linakataliwa

password authentication failed, na mteja anaapa hajabadilisha kitu. Anasema kweli. Tangu toleo la 14, nenosiri jipya linahifadhiwa kwa usimbaji wa scram-sha-256 (SCRAM), na pg_hba.conf mpya ya Debian, faili linaloamua nani aingie na vipi, inadai hivyo hivyo. Nenosiri lililohamishwa kutoka 9.6 bado ni la md5, usimbaji wa zamani. Kwenye logi ya seva, chini ya kosa, kuna mstari unaosema mtumiaji huyo hana siri halali ya SCRAM. Chagua: andika md5 kwenye mstari wake ndani ya pg_hba.conf, ambayo inapokea aina zote mbili, au mwandikie nenosiri upya.

Ukiliandika upya, uwe tayari kwa kosa la pili. Programu za Java zenye dereva ya zamani (JDBC, kiunganishi cha Java na hifadhidata) zitasema The authentication type 10 is not supported. Dereva ya JDBC ilianza kuijua SCRAM kwenye 42.2.0, kwa hiyo badilisha faili hilo la jar. Kama aliyeandika programu alishahamia nje na hakuna wa kuigusa, weka SET password_encryption = 'md5'; kisha ALTER ROLE katika kikao hicho hicho, na mstari wake wa pg_hba.conf uwe md5. Si njia ninayoipenda, lakini duka linafunguliwa saa mbili asubuhi.

Bidhaa ipo, lakini ukiitafuta haionekani

Hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu halitoi kosa lolote. Mhudumu anaandika PAR-500, mashini inajibu hakuna. Anapitia orodha nzima kwa macho, PAR-500 iko pale. Anaiingiza upya akidhani ilifutika, na sasa ziko mbili, ingawa safu hiyo ilikatazwa kurudia.

PostgreSQL haina kosa hapa. Faharasa ya maneno hupangwa kwa alfabeti, na alfabeti hiyo PostgreSQL huiazima kwa mfumo wa Linux, kwenye maktaba ya glibc. Toleo la glibc 2.28 lilibadilisha mpangilio huo. Debian 9 iko kabla yake, Debian 10 na kuendelea ziko baada yake. Ukihamisha mafaili ya data kama yalivyo, kwa pg_upgrade, faharasa inabaki imepangwa kizamani huku seva ikitafuta kwa mpangilio mpya. Ni kama kamusi ambayo kurasa zake zimepangwa na mtu mmoja na anayefungua anafuata utaratibu wa mwingine. Kistari ndicho kinachodhurika zaidi. Jionee mwenyewe kwenye mashini zote mbili:

( echo "1-1"; echo "11" ) | LC_COLLATE=fr_FR.UTF-8 sort

Ya zamani itatoa 11 kwanza, mpya itatoa 1-1 kwanza. Misimbo ya bidhaa imejaa vistari, kwa hiyo maduka ndiyo yanayoumia.

Kuthibitisha, ndani ya psql zima njia za faharasa, SET enable_indexscan = off; na ndugu zake enable_indexonlyscan na enable_bitmapscan, kisha tafuta PAR-500 tena. Ikionekana sasa, jibu umelipata. Dawa ni REINDEX DATABASE, kwa kila hifadhidata, wateja wakiwa nje. Ikisimama na kusema could not create unique index, basi zile nakala mbili zimeshaingia: zitafute kwa GROUP BY code HAVING count(*) > 1, amua na mwenye duka ipi ibaki, hamisha mauzo yake, kisha rudia. Aliyehamisha kwa pg_dump hana shida hii, maana faharasa zake zilijengwa upya wakati wa kurudisha. Kwa hifadhidata ndogo ndiyo sababu yangu ya kupendelea pg_dump, hata kama ni polepole.

Kila kitu kipo, lakini ni polepole ajabu

Ripoti iliyokuwa ikichukua sekunde mbili sasa inachukua dakika kadhaa. Kabla hujaenda kununua kumbukumbu zaidi: takwimu ambazo seva hutumia kuchagua njia ya kutafuta hazihamishwi na pg_upgrade ukienda 15 (zilianza kuhamishwa kwenye toleo la 18). Seva inakisia tu. Endesha, kama mtumiaji wa postgres:

vacuumdb --all --analyze-in-stages

Hatua ya kwanza inatoa takwimu za harakaharaka ili watu waanze kazi, zinazofuata zinaboresha. Kama bado ni polepole baada ya hapo, linganisha mipangilio ya kumbukumbu, shared_buffers na work_mem, na ya zamani. Huenda ni kati ya yale matano au sita uliyosahau kuhamisha.

Risiti zina saa isiyo ya hapa

Saa mbili nyuma: seva iko kwenye UTC. Saa moja nyuma: kuna mtu aliona "Congo" kwenye orodha akachagua Africa/Kinshasa. Sisi tuko Africa/Lubumbashi, pamoja na Goma na Bukavu. Angalia kwa SHOW timezone, kisha:

ALTER SYSTEM SET timezone = 'Africa/Lubumbashi';
SELECT pg_reload_conf();

Safu za timestamp with time zone zitajirekebisha zenyewe kwenye skrini, kwani ndani zimehifadhi wakati halisi. Zile za timestamp tupu, zenye now() kama thamani ya kuanzia, zimeandika saa mbaya kweli, na hizo lazima uziongezee interval '2 hours' (au '1 hour' kama ilikuwa Kinshasa) kwa mistari iliyoingia tangu usiku wa kuhama, wala si kabla. Duka la dawa la zamu ndilo la kwanza kuliona: mauzo ya saa saba usiku yanahesabiwa kwenye kasha la jana, na mhasibu anadhani mtu wa usiku ameiba.

Hifadhidata mpya haikubali kutengeneza jedwali

permission denied for schema public. Zile ulizohamisha zinaendelea na ruhusa zao za zamani. Hii huwapata wanaounda hifadhidata mpya baada ya kuhamia 15, ambapo ruhusa ya kila mtu kuandika kwenye public, sehemu ya kawaida ya kuwekea majedwali, iliondolewa. Mfanye mtumiaji wa programu awe mmiliki wa hifadhidata, au mpe GRANT CREATE ON SCHEMA public.

Ya 9.6 iache imezimwa mpaka mwezi ufungwe na mhasibu alinganishe hesabu zake na karatasi. Akisema sawa, na nakala iko kwenye diski iliyolala nyumba nyingine, ndipo pg_dropcluster 9.6 main. Safari hii namba ni hiyo kweli.